Mwaija Hakuwa na wa Kumwacha

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka hapa kwenye mkeka, maana pumzi yangu imekuwa fupi na sitaki neno langu hata moja lipotee. Muhidini, weka hiyo simu chini. Faudhia, mwanangu, kaa upande huu wa sikio linalosikia. Nimemwita Maalim Ramadhan na bwana Ponsiano, mwenyekiti wetu wa kitongoji, wasikie pamoja nanyi, asije mtu kesho akasema mzee Sabiri alikuwa anaweweseka. Siweweseki. Alasiri nimeiswali nimekaa, sikukosea rakaa hata moja. Kwa jina la Mwenyezi Mungu naanza.

Nitasema habari za mashamba, lakini kwanza nitasema habari za mama yenu, kwa sababu bila hizo, za mashamba hamtazielewa.

Mwaija nilimkuta Korogwe, nilipokuwa napeleka kuku sokoni kwa baiskeli kutoka hapa Misima, safari ya kutwa nzima. Yeye alikuwa anauza maandazi. Nikanunua mawili, na kabla sijamaliza la kwanza alikuwa ameshajua jina la mama yangu, idadi ya ndugu zangu na kwamba sijaoa. Mimi ni mtu wa maneno machache, mnanijua. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba nikikaa na mwanamke yule sitalazimika kusema mengi maisha yangu yote, na kweli ikawa hivyo kwa miaka thelathini na minane.

Nikimtuma chumvi dukani asubuhi, alirudi adhuhuri bila chumvi, ameongozana na wageni wawili. Alimsalimia Mzigua kwa Kizigua, Msambaa kwa Kishambaa, na wale mama wa Kimasai wanaopita na vibuyu vya maziwa aliwaambia takwenya, nao wakamjibu iko, wakacheka, wakatua mizigo. Kukiwa na msiba Kwamsisi, yuko. Kukiwa na harusi Kwaluguru, amekwenda tangu juzi kusaidia kupika. Nilinung'unika, wanangu. Nilimwambia nyumba yangu imekuwa stendi. Akanijibu, "Mume wangu, nyumba isiyofikiwa na watu ni ghala." Na akaendelea kuchambua mchele wa wageni.

Katika wale wa maziwa alikuwamo mmoja, Nairesiae, mke wa Lenku, wa maboma ya upande wa Kwaluguru. Huyo hakuwa mteja wala mgeni, alikuwa rafiki yake hasa, wa kukaa naye chini na kusahau saa. Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Mwaka ule mahindi yetu ya bondeni yalikuwa yamebeba, bado wiki chache tuvune, ng'ombe wa Lenku wakaingia wakayamaliza. Lenku hakukimbia. Alikuja hapa uani na ndama jike, akasema ni kosa la wachungaji wake, akaniomba nimpokee huyo ndama na yaishe. Nilikataa. Niliapa mbele ya watu kwamba nikiwa hai, hakuna wa boma lile atakayekanyaga ua wangu. Lenku akageuka na ndama wake, akaondoka, na mimi nikajiona mwanamume. Mwaija hakubishana nami. Tangu siku ile akawa anakutana na Nairesiae barabarani, wamesimama kila mmoja na mzigo wake kichwani, na mimi nikijifanya sioni.

Baada ya miaka miwili masika ikawa kubwa. Nilikuwa Korogwe, kwa mama mkwe wangu aliyekuwa mgonjwa, mto ukajaa, magari yakasimama, nikakwama siku mbili. Muhidini ulikuwa kwa shangazi yako Kwamsisi. Mwaija alikuwa peke yake hapa, mimba ina miezi minane, na uchungu ukamshika asubuhi mvua ikinyesha. Niliporudi nilimkuta zahanati amelala na mtoto pembeni. Nikamuuliza nani alimsaidia, akasema wanawake walimsaidia. Sikuuliza zaidi. Nilifurahi mno, nikasahau hata kushukuru.

Miaka ishirini na mbili ikapita. Mwaija akaugua moyo, tukampeleka hospitali, na siku moja kabla hajafa, nyinyi mmetoka kwenda kutafuta uji, akanishika mkono akasema, "Sabiri, aliyempokea Faudhia ni Nairesiae."

Ndiyo, Faudhia. Wewe. Acha nimalize, utalia baadaye.

Aliniambia kwamba Nairesiae alikuwa anapita na maziwa akamsikia analia, akasimama pale mwisho wa ua kwa sababu ya kiapo changu. Mama yenu akamwita, akamwambia, "Kiapo ni cha Sabiri, si changu, ingia." Akaingia. Akamwita Lenku na kaka zake, wakageuza kitanda chetu cha kamba kuwa machela, wakambeba kwenye matope kuelekea zahanati, na nusu ya njia ukazaliwa, mwanangu, barabarani, mvua ikikunyeshea. Nairesiae alikupokea kwa mikono yake, akavua shuka lake akakufunika, akatembea mpaka zahanati amelowa. Lenku yule niliyemfukuza na ndama wake ndiye aliyeshika mguu wa mbele wa kitanda.

Nikamuuliza Mwaija kwa nini alinificha miaka yote. Akasema, "Ungenilazimisha nichague, na mimi sikuwa na wa kumwacha."

Kesho yake akafa. Msiba wake mliuona. Waliokuja kutoka Korogwe tu walijaza magari mawili, na bodaboda zilipangwa kutoka hapa mpaka shuleni. Watu nisiowajua walinipa mkono wakilia kuliko mimi. Nairesiae naye akaja, na mama wengine watatu, wakasimama mwisho wa ua. Mtu akaja kuniuliza kama waingie. Nilikuwa nimeshajua kila kitu, wanangu. Ningesema neno moja tu. Lakini niliona haya, watu wote wananitazama, nikaona nitaanzaje, nikageuza uso. Wakakaa kando ya barabara juani mpaka maziko yakaisha, wakaondoka hawajala. Ni wewe, Faudhia, uliyewapelekea maji bila kuniuliza, na nilikuwa namwona Nairesiae amekishika kikombe hanywi, anakutazama usoni. Hukujua anatazama nini.

Siwezi kuwaeleza ukimya ulioingia nyumba hii baada ya arobaini. Hapakuwa na aliyetukosea. Watu walikuwa wanakuja kwa Mwaija, na Mwaija hayupo.

Mwezi wa saba, kabla miguu haijanikatalia, nilipanda bodaboda nikaenda Kwaluguru bila kumwambia mtu. Lenku nilikuta ameshafariki, kwa hiyo lake limebaki na litanisubiri huko niendako. Nairesiae alikuwa amekaa anashona shanga. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nilipofika yakaniisha, nikamwambia tu, nisamehe kwa ule msiba. Akaendelea kushona. Kisha akasema, "Mzee, mimi sikuja msibani kwako. Nilikuja kwa Mwaija." Akaninyooshea kigoda. "Umechelewa," akasema, "lakini kaa."

Nilikaa mpaka jua likapinda. Akanipa maziwa, akanieleza habari za mke wangu nisizozijua. Ndipo nikajua kwamba kila kiangazi, nikiwa shamba la juu, Mwaija alikuwa akiwapitisha ndama wa boma lile pembezoni mwa shamba letu la bondeni wakanywe maji lamboni, ametangulia mbele na fimbo kama mchungaji. Nilicheka, wanangu, sikuwa nimecheka tangu nimzike.

Basi sikieni wosia wangu. Shamba la bondeni, upande wa mpaka wa mashariki, kutoka barabarani mpaka lambo, upana wa hatua ishirini, naliweka wakfu kwa jina la Mwaija, liwe njia ya watu na mifugo kwenda majini, lisilimwe, lisiuzwe, lisizungushiwe uzio. Ni ndani ya theluthi yangu ninayoruhusiwa kuusia, Maalim amelipima. Mengine yote mtagawana kama dini inavyoelekeza. Muhidini, najua umeshazungumza na yule bwana wa mjini anayetaka bonde lote. Kesho nenda kamwambie limepungua. Akiacha, aache. Usinitazame hivyo, mwanangu. Ulikuwa na miaka saba mahindi yalipoliwa, chuki ile hukuizaa wewe, nilikurithisha mimi, na leo naichukua.

Faudhia, nenda kwa Nairesiae. Usiende na zawadi. Nenda ukae.

Nipeni maji... Bismillahi. Inatosha.

Siku yangu ikifika, kabla hamjaniosha, mtu atangulie Kwaluguru kutoa habari. Kama atakuja, aingie ndani, akae na wafiwa, ale. Kama hatakuja, msimlaumu, wala msiulize. Na mimi mnilaze... karibu na Mwaija, pale pana nafasi, nilipima mwenyewe.

Mungu awape kizazi chema. Awape... awape watu, wanangu. Awafungue ndimi, msiwe kama mimi. Radhi yangu mnayo, nyote wawili, sikubakisha kitu.

Muhidini. Sijakusikia. Sema umekubali, Maalim asikie... Hapana, mbele za Maalim, kwa sauti...

Haya. Haya, mwanangu. Nimekusikia.