Magunia ya Mkaa Miguuni Pangu

Ndugu zangu wa Kinole, kabla sijamshukuru Mungu niacheni nitoe hasira yangu, maana nikianza na shukrani nitakuwa nawadanganya.

Wengi wenu mlinibeba. Zilikuwa zama zile za ruksa, kila mtu anauza alichonacho. Nilikuwa nimejifungua, mtoto mzima, lakini mimi moyo ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba, na nikilazwa chali pumzi inakatika. Mkaniteremsha mlimani kwa machela, mgongoni mmeniegemeza kwa nguo, na kila tuliyekutana naye njiani alitua mzigo wake akaingiza bega. Hakuna aliyeuliza huyu ni wa nani. Si ndivyo tulivyolelewa?

Tukafika hospitali mjini, nikawekewa mtungi wa hewa, nikapata nafuu kidogo. Daktari akasema nipelekwe Dar es Salaam, tena nikiwa nimekaa, na muuguzi awe pembeni. Alisema vizuri kabisa. Lakini wauguzi kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayekwenda, kwa hiyo hakwenda yeyote. Nikapakiwa kwenye gari la wagonjwa pamoja na dada yangu peke yake, ameukumbatia mtungi usibingirike. Kitanda chenyewe hakina hata mkanda, kila kona kinateleza nami.

Karibu na njia panda ya Ngerengere gari likasimama. Nikadhani ni pancha. Kumbe dereva anapakia mkaa akauze Dar! Magunia yakaingia miguuni pangu, na ili yaenee akanilaza chali. Dada akamwambia kwamba daktari amekataza. Akajibiwa kwamba mshahara hautoshi, siku hizi kila mtu anajitafutia. Nawaambia, nilisikia kila neno na sikuwa na pumzi ya kumtukana. Nilijua nakufa, na mwanangu anabaki yatima kwa sababu ya mkaa.

Ndipo dada akamgeukia muuza mkaa.

"Kaka yangu, humu ndani ni machela."

Yule mtu akachungulia, akaniona. Kumbe naye ni wa milima hii hii. Akaanza kuyashusha magunia. Dereva akafoka kwamba ameshayalipia, naye akamrudishia noti zake mkononi.

"Mkaa wangu siuzi," akasema. "Machela ikipita, mzigo unatuliwa chini."

Akakifunga kitanda kwa kamba za magunia, wakaniketisha na kuniegemeza, kisha akapanda akanishikilia hadi Dar. Mkaa wake aliuacha pale barabarani. Tulikokwenda hakuna aliyekuwa na habari zetu, maana hospitali ya mjini haikuwapigia hata simu. Ni yeye aliyegombana nao mlangoni mpaka nikapokelewa.

Nikapona. Namshukuru Mungu, nakushukuru dada yangu uliyeketi hapo, nawashukuru ninyi mlionibeba, na yule kaka ambaye hata jina sikumwuliza. Nanyi shikeni hili: mgonjwa wenu akihamishwa, hata ikiwa ni kutoka wodi hii kwenda ile, msikimbilie kusema asante. Ulizeni nani anakwenda naye, kama hewa itamfikisha, na huko nani anamngoja. Wakinuna, wanune.

Padri ananiambia nimsamehe yule dereva. Najitahidi. Lakini mpaka leo nikiona gari la wagonjwa limesimama barabarani, nakwenda kuchungulia ndani.