Stendi ya Baiskeli ya Mkunga

Benchi liko kati ya mlango wa kinyozi na duka la vifaa, pale barabara inapoanza kupanda kilima kuelekea zahanati. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na anayekaa katikati huyumba wenzake wakikohoa. Mama Birika huweka jiko lake pembeni na kummiminia kahawa yeyote anayenyoosha kikombe. Sheria ya hapo ni moja: aliyekuja na swali hanyanyuki mpaka lipate jibu, au birika liishe. Jumamosi hiyo jioni aliyekuja na swali alikuwa kinyozi mwenyewe, waliyempa jina la Wembe. Aliegemeza baiskeli ya mkewe mlangoni, akakaa taratibu, mkono kiunoni.

— Nataka kununua stendi, alisema.

— Baiskeli yako si ina stendi tayari? aliuliza Redio. Huyu hutengeneza redio, na kama zile anazozitengeneza, huongea hata pasipo msikilizaji.

— Ile ya kuegesha. Mimi nataka ya kutengenezea, ya nyumbani. Inainua baiskeli mpaka kifuani, natengeneza nimesimama. Nikiinama tena na huu mgongo, mtakuja kuninyanyua na kreni.

— Si unaipindua tu, magurudumu juu?

— Niliipindua nikavunja kengele. Mara ya pili nikavunja taa. Sasa mama watoto anapiga mluzi kwenye kona.

Walicheka. Wembe hakucheka sana. Mkewe ni mkunga, na wiki hiyo mnyororo ulikuwa umeruka akiwa katikati ya kilima. Alipofika kwa mzazi alimkuta mtoto ameshalia na bibi wa mtoto anajipongeza. Aliporudi nyumbani hakugomba. Alisema tu kwamba Jumamosi jioni ataipitia baiskeli hapo kwenye chumba cha kunyolea, na ikiruka tena ataipeleka kwa fundi wa sokoni, na huyo ndiye atakayeitunza tangu hapo.

Hilo lilimuuma Wembe kuliko mgongo. Tangu uchumba wao baiskeli ile haikuguswa na mkono mwingine. Nyumbani kwake ndiyo kazi pekee aliyokuwa akiifanya bila kusimamiwa.

— Hapo kwa jirani, kwenye vifaa, zipo za aina tatu, aliendelea. Moja ndefu, ina miguu ya kukunja na mkono wenye taya. Taya inabana, baiskeli inaning'inia. Nyingine fupi, inainua gurudumu la nyuma tu. Ya tatu inapigiliwa ukutani. Jamaa anakaribia kufunga duka, na mimi sijui nichukue ipi.

— Mchagua jembe si mkulima, alisema Mama Birika.

— Mama, mimi si mkulima, ni kinyozi. Naruhusiwa kuchagua.

Mzee Stoo aliweka kikombe chini. Alitunza stoo ya kiwanda mpaka akastaafu, na bado hukitazama kila kitu kana kwamba kesho atakabidhiwa.

— Ya taya, bwana mdogo. Yenye miguu mitatu. Figa moja haliinjiki chungu. Ila taya isibane fremu. Mabomba ya siku hizi ni membamba, utayaponda kama kopo. Bana bomba la siti.

— Na ya ukutani, mzee?

— Ukuta wa kwako au wa mwenye nyumba?

— Wa mwenye nyumba. Na ukuta wenyewe kalenda tu unashindwa kuishika.

— Basi hiyo ifute.

Wembe aliifuta moyoni, akaona mambo yanakwenda. Zilibaki mbili. Lakini Redio alikuwa amekwisha kujisogeza ukingoni mwa benchi, na akijisogeza hivyo hapatikani jibu la karibu.

— Msikilizeni mtu wa mawimbi. Stendi yoyote iliyogusa chini haifai. Kamba mbili, dari, basi! Kitu kikining'inia kinasema ukweli. Mimi redio ikikoroma naitundika, naigonga kidogo, naisikia mwenyewe inaumwa wapi.

— Ndiyo maana yangu haijarudi, alisema Mama Birika. Kumbe bado inaungama.

— Inakaribia kusema, mama. Sasa angalia baiskeli. Ukiipindua, grisi yote inateremkia kwenye usukani. Ndiyo maana ya shemeji inakata kona kwa uzito.

— Inakata kona kwa uzito kwa sababu anabeba mkoba wa kazi, alisema Wembe.

— Na grisi.

— Asikupoteze huyo, alisema Mzee Stoo. Juu napo pana yake. Kiwandani tulikuwa na toroli. Ikatundikwa msimu mzima wa mvua. Siku ya kushushwa, wallahi, ilikuwa inakwenda kando tu kama kaa. Imesahau ardhi!

— Toroli ikasahau?

— Wewe ukilala siku tatu kitandani, ukisimama huyumbi?

Redio hakukubali kupitwa kwenye uwanja wake.

— Hapo mzee kasema. Kwa hiyo stendi lazima iwe ya kuzunguka, ili baiskeli ielekezwe ilikozoea kwenda. Hii imezoea wapi?

— Zahanati, alisema Wembe.

Wote watatu waligeuka wakakitazama kilima. Wembe alijikuta naye anakitazama, na kwa kitambo aliipima ile hoja kichwani kana kwamba ni hoja.

— Basi iangalie kilima, Redio alikata shauri. Aliye juu mngoje chini. Baiskeli ikae juu, wewe ungoje chini na spana.

— Na mkikosea mkaielekeza kwangu? aliuliza Mama Birika.

— Kila asubuhi utaikuta hapa inadai kahawa.

Ni hilo neno la kuzunguka lililomfanya Wembe atazame ndani ya chumba chake cha kunyolea. Kiti chake cha kazi kilikuwa cha chuma. Ukikanyaga pedali ya chini kinapanda, ukikisukuma kinageuka. Kwa miaka yote ya mgongo wake, kiti hicho kilikuwa kimewainua wateja tu.

— Kabla sijanunua, alisema, hebu tujaribu kwanza kuona baiskeli ikiwa juu inakuwaje.

Benchi likabaki na Mama Birika. Mzee Stoo alishika usukani, Redio akashika maelekezo. Waliisimamisha baiskeli ubavuni mwa kiti, wakaifungia fremu kwenye mkono wa kiti kwa shuka la kunyolea, taulo likiwekwa katikati ili rangi isichubuke. Wembe alikanyaga. Kiti kikapanda na baiskeli ikapanda nacho, pedali ikikwepa chuma kwa upana wa kidole. Alikanyaga tena mpaka mnyororo ukafika usawa wa kifua chake.

Hakuinama. Alikaa hivyo kidogo, akiufurahia mgongo ulionyooka. Kisha akazungusha pedali kwa mkono. Mnyororo ulipita, gurudumu likavuma. Akazungusha kwa kasi zaidi. Hakuna kilichoruka. Alizungusha mpaka upepo wa spoku ukapeperusha nywele zilizokuwa sakafuni.

— Imepona! alisema Redio.

— Sijaigusa bado.

— Ndiyo hiyo nguvu ya kuning'inia. Nilisema!

— Ukiona vyaelea vimeundwa, alisema Mzee Stoo. Hii inaelea. Kwa hiyo imeundwa.

Wembe alitaka kuamini. Kila wiki alikuwa akiukaza mnyororo ule akiwa amechuchumaa, bila kuona vizuri anachokifanya, na sasa ulikuwa mbele ya macho yake ukienda kama maji. Pengine ulihitaji kutazamwa tu. Pengine kosa lote lilikuwa kuinama.

— Habari za hapa?

Mkewe alikuwa mlangoni, mkoba begani. Hakuwahi kufika kijiweni. Siku zote hupita, na salamu huirusha akiwa juu ya baiskeli.

— Nzuri, shemeji! Karibu kahawa, alisema Redio. Umekuja wakati wake. Mgonjwa ameruhusiwa.

Mkunga aliitazama baiskeli iliyofungwa shuka, kisha akamtazama mumewe.

— Mnainyoa?

— Tunachagua stendi, mama watoto. Hebu zungusha mwenyewe.

Aliingia, akashika pedali, akazungusha. Aliinamisha kichwa kidogo kusikiliza, kama afanyavyo kazini.

— Laini kweli, alisema.

Redio alimkonyeza Mzee Stoo. Wembe alivuta pumzi.

— Lakini kwa mkono haijawahi kuniruka, aliendelea mkunga. Inaruka nikiwa nimeipanda, nakanyaga kilima, na uzito wangu wote uko kwenye pedali. Na hizo stendi mnazochagua, ni ipi inashika baiskeli na mimi nikiwa juu yake?

Gurudumu liliendelea kuzunguka peke yake mpaka likasimama. Mzee Stoo alilitazama taulo. Wembe alizipitisha kichwani stendi zote: ya taya, ile fupi, ya ukutani, hata kamba za Redio. Kila moja aliiona na baiskeli. Hakuna aliyoiona na mtu.

— Ifungueni, alisema.

Waliishusha. Mkunga alifunga mkoba nyuma ya baiskeli, akapanda, akaanza kukanyaga kuelekea kilimani, polepole, na Wembe alikwenda ubavuni mwake, mkono mmoja kwenye siti, amejipinda macho yakiwa kwenye mnyororo. Redio na Mzee Stoo walifuata nyuma. Hakuna aliyekumbuka siku nyingine benchi lilipobaki tupu wakati birika lina moto.

— Kanyaga zaidi, mama watoto.

— Nakanyaga. Mgongo wako je?

— Kanyaga tu.

Ilisema krak. Wembe aliuona mnyororo ukipanda juu ya jino la gia ya nyuma, ukasita, ukaangukia la mbele yake.

— Simama! Nimeiona!

Mkunga alishuka. Wembe alipitisha kidole kwenye meno ya nyuma, yale yaliyobeba kazi yote ya kilima. Yalikuwa yamelika upande mmoja, kama wembe ulionolewa mpaka ukaisha.

— Meno ndiyo yamekwisha. Na mimi kila wiki nakaza mnyororo.

— Kila wiki?

— Kila wiki.

Alisubiri asikie habari za fundi wa sokoni. Mkunga aliufungua mkoba wake kutoka nyuma ya baiskeli, akautundika begani, kisha akamwekea mumewe usukani mikononi.

— Leo naenda kwa miguu. Badilisha hayo meno. Na usiniambie imepona mpaka umenipandisha.

— Na stendi?

— Ya taya, kama alivyosema mzee. Huo mgongo wako nalala nao mimi, kelele zake zinaniamsha. Ila swali langu mnalo.

Akaendelea kupanda. Mzee Stoo alikuwa amekaa juu ya jiwe akitafuta pumzi.

— Shemeji angekaa kwenye siti, alianza Redio, halafu tukapata stendi mbili, moja ya baiskeli, moja ya...

— Redio, alisema Mzee Stoo. Pumua.

Chini, Mama Birika alikuwa akilitikisa birika juu ya kichwa chake kuwaonyesha kwamba ni tupu. Pembeni yake mwenye duka la vifaa alikuwa anashusha mlango wa chuma, umeshafika nusu.

Wembe alikuwa mbali, na mgongo wake haukuwa wa kukimbia. Alirusha mguu juu ya baiskeli. Kuteremka hakutaki mnyororo. Aliachia breki, upepo ukamjaa shati, na kwa kuwa kengele aliivunja mwenyewe, ilibidi apige kelele njia nzima:

— Ngoja! Ya taya! Ngoja, jirani, ya taya!