Kopo la Vifungo la Mama Pindo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo nimechoka, siwafichi. Kumuaga mtu ambaye angeweza kuwa hai kunachosha kuliko kazi yoyote.

Tunamkumbuka fundi cherehani tuliyemwita Mama Pindo, kwa kuwa hakukurudishia nguo yenye uzi unaoning'inia hata siku moja. Alishona na mdogo wake, meza kwa meza. Mdomo wake sasa? Balaa! Ukinenepa alikwambia, "Kitambaa hakina kosa, mwenzangu."

Baada ya kufiwa na mume, alipatwa na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Kliniki ikampa vidonge, vikamsaidia. Lakini alivificha kwenye kopo la vifungo. Hata mdogo wake hakujua.

Kisha mgongo ukamkamata. Duka la dawa likampa vidonge vikali vya maumivu. Hakusema kwamba ana vingine. Dawa mbili, wasikilizaji wapendwa, na zote mbili zinapandisha kitu kimoja mwilini, serotonini. Kikizidi, ni sumu.

Kesho yake uzi uligoma kuingia sindanoni. Mikono inatetemeka, jasho linamtoka, hatulii. Mguu ukawa unarukaruka wenyewe juu ya pedeli.

"Leo cherehani ndiyo inaniendesha mimi," akasema.

Mdogo wake akacheka. "Homa tu hiyo, dada. Meza kingine cha maumivu ulale." Akameza.

Jioni mwili ukawaka moto, misuli ikakakamaa, akaanza kuweweseka. Hospitalini daktari akauliza anatumia dawa gani. Mdogo wake akataja za mgongo.

"Na nyingine?"

"Hakuna, daktari. Dada hana siri na mimi."

Basi wakadhani ni malaria, wakahangaika kuitibu, na ile dawa ya maumivu ikaendelea. Wangejua, wangesimamisha zote mbili palepale. Mama Pindo hakuamka tena.

Baada ya mazishi, mdogo wake alitafuta kifungo cheusi kwenye kopo. Akakuta vidonge.

"Niliwahi kumcheka jirani mbele ya dada," ameniambia. "Nilisema anameza dawa za vichaa. Dada alikuwa anapiga pasi. Hakuinua kichwa."

Kwa familia, poleni sana, poleni mno. Nasi tuliobaki, tutafakari. Mtu akianza dawa mpya, kisha akatetemeka, akatoka jasho, mguu ukaruka wenyewe, msimwongezee kidonge. Mpelekeni hospitali na dawa zake zote mkononi, zote. Na siku mwenzako akikufunulia kopo lake, nakuomba, usicheke.