Waridi la Ka Temyong

Benchi langu liko mbele ya duka, hapa Anilao, pale barabara inapoteremka kuelekea ufukweni. Nauza mchele, sabuni na kahawa ya barako, nyeusi, ya kukwaruza koo. Asubuhi ile walikuwa watatu. Kalbo, dereva wa pikipiki ya magurudumu matatu, kichwa hakina hata unywele. Povu, anayewapeleka watalii kuzamia watazame makoa wa baharini. Na Ka Temyong, nahodha mstaafu, jirani aliyeniezekea paa baada ya tufani bila kuombwa. Alikuwa anajisifia lukot, yale mayai ya koa mkubwa, marefu kama tambi, tunayokula mabichi kwa siki.

— Jana niliokota ya aina yake! Mekundu, yamejikunja kama waridi. Mke wangu Sion akayatia siki na vitunguu. Umeme ulikuwa umekatika, nikayafagia gizani hivyo hivyo.

Povu akaweka kikombe chini.

— Mekundu? Mzee, lukot ni ya kijani. Hayo ni ya yule koa mwekundu, anayeogelea akipepea kama sketi ya mcheza ngoma. Yana sumu! Hata samaki mwenye njaa anayapita.

Roho ikaniruka.

— Ndiyo maana ulimi unawaka tangu jana! Ka Temyong akashika shavu.

— Tumpelekeni zahanati, nikasema.

— Tulia, Aling Pacing, akaniambia Kalbo. Haraka haraka haina baraka. Kwanza tujue ni sumu gani.

— Koa huyo anakula sifongo za baharini zenye sumu, Povu akasema. Mayai yanarithi.

— Umeona? akadakia Kalbo. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Sasa yamekutana na siki tumboni, na siki ina joto. Yataanguliwa.

— Yataanguliwa?

— Mchana huu. Utaanza kuwa mwekundu, masikio kwanza.

— Mbona masikio yake mekundu tayari? akasema Povu.

— Hili ni jua! Jamani, si ni jua?

— Halafu kiuno kitaanza kucheza chenyewe, Kalbo akaendelea. Binamu ya mke wangu kule Lipa alikula kitu cha namna hiyo. Akisikia bendi ya sikukuu, hakai. Wasipomfunga kamba anacheza mpaka ndani ya kisima.

— Bikira Maria, nihurumie...

— Omba tu, mzee. Dua la kuku halimpati mwewe.

— Pacing, niongezee kahawa. Kama ndiyo ya mwisho, usinibanie sukari.

Nikamimina, nikamjazia sukari. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na yangu pia. Nilikuwa namwogopea kweli.

Hapo akateremka mkewe, Aling Sion, na ndoo mkononi.

— Povu, nirudishie hili mwambani kabla halijafa.

Tukachungulia. Ndani ya maji ya bahari kulikuwa na waridi jekundu, zima, halijaguswa.

— Sion! Sasa mimi nilikula nini?

— Tambi.

— Tambi?

— Zile nyembamba za supu. Tangu nizaliwe sijaona lukot mekundu, nikulishe nisichokijua? Lakini ulivyolibeba kama mtoto mchanga, nikakuonea huruma. Ningekwambia, ungenuna mpaka Jumapili.

— Na ulimi unaowaka?

— Pilipili.

Ka Temyong akamkumbatia, nusu ya maji ikamwagika. Kalbo akacheka mpaka kipara kikatoka jasho. Mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti, mzigo wote ukanitoka kifuani.

— Hebu ngojeni, akasema Sion. Mlidhani amekula sumu?

— Tulijua kabisa! Kalbo akajibu kwa fahari. Tangu kikombe cha kwanza.

Sion akavitazama vikombe. Akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye zahanati. Mlango ulikuwa wazi, muuguzi anafagia ngazi.

— Sasa mbona amekaa hapa?

Kalbo akaitazama pikipiki yake. Povu akainamia ndoo. Mimi nikainua birika nijifanye namimina. Lilikuwa tupu.