Daktari Rachael Nyathira: Miaka Ishirini na Tisa ya Swali Moja

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utafiti katika kituo chetu, Dkt. Rachael Nyathira anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 2026. Wahariri wa jarida la wafanyakazi waliniomba mimi, Phelix Nyagowa, niliyesimamia maabara yake hadi miguu ilipokataa, niandike wasifu wake. Walitaka ukurasa mmoja. Watanisamehe. Mtu wa umri wangu hana hakika ya kupewa nafasi nyingine, na ninayo habari ambayo imeninyima usingizi kwa furaha.

Dkt. Nyathira alizaliwa Kipkelion, ambako wazazi wake walikuwa na duka la mbegu na mbolea. Alipofika kwetu alikuwa daktari kijana wa kisukari, mwembamba, mwenye haraka, na wenzake walidhani angekaa kliniki angoje wagonjwa kama wao. Wiki ya kwanza alinunua buti za mpira akaingia kwenye mashamba ya majani chai.

Huko alikuta jambo ambalo sisi tuliokaa na darubini hatukulijua. Wachumaji walikuwa wakianguka kazini asubuhi, wakitetemeka na kuongea ovyo. Wanyapara waliripoti kwamba wamelewa, na baadhi yao walifutwa kazi. Daktari aliwapima damu palepale, akakuta sukari imeshuka mno. Walikuwa wamejidunga insulini alfajiri, kama walivyoagizwa hospitalini, kisha wakaenda kuchuma bila kula kwa sababu chai ya kazini huja saa nne. Hakuna aliyekuwa amewauliza wanakula saa ngapi. Alibadilisha dozi, akabadilisha saa, na akawapa wanyapara peremende za kubeba mfukoni, wampe anayeanza kutetemeka. Waliofutwa walirudishiwa kazi. Kuanguka kulipungua kiasi kwamba mnyapara mmoja wa upande wa Sotik alikuja kuomba pakiti nyingine ingawa kwake hakuna mtu aliyekuwa ameanguka. Daktari alimpa, na akampima sukari yeye pia.

Miaka ilipita, na baadhi ya wale walioanguka mara nyingi wakaanza kusahau. Mmoja alipotea njia ya kwenda kituo cha kupimia majani. Mwingine alimwuliza binti yake ni mtoto wa nani. Hapo ndipo swali la maisha ya Dkt. Nyathira lilipozaliwa. Je, huu ni ugonjwa wa Alzheimer, unaoua seli za ubongo polepole, au ni makovu ya sukari iliyopanda na kushuka kwa miaka? Kama ni makovu ya sukari, basi mgonjwa anayetibiwa vizuri leo anaweza kubaki na kumbukumbu zake kesho. Kama ni Alzheimer, tutafute dawa upande mwingine, na tuache kuwaambia wazee kwamba walijiletea kwa kupenda chai tamu.

Alianza na kipimo cha kumbukumbu kilichotoka ng'ambo. Swali moja lilikuwa: sasa ni majira gani ya mwaka? Bi. Cheptoo wa Kapsoit, mchumaji mstaafu, alimtazama kwa huruma. "Daktari, si hiyo mvua unasikia kwa mabati? Hata ukikuja Krismasi itakuwa hiyo hiyo." Kwa kipimo kile, Bi. Cheptoo alikosa alama. Daktari alikitupa, akatunga kingine na wauguzi: mtu aeleze kwa mpangilio jinsi mursik, maziwa ya kuganda, yanavyotayarishwa kwenye kibuyu. Wanawake walifanya vizuri. Wanaume walifeli wote, wenye kumbukumbu na wasio nazo, maana kazi yao kwa kibuyu ilikuwa kunywa tu. Ikabidi watungiwe chao cha kujenga zizi. Sisi tuliotoka ziwani tulipewa cha kukaanga samaki, na mimi niliyeishi kapera muda mrefu nilipata alama zote, mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo, nami nilikuwa ndani ya utafiti. Nina kisukari tangu ujana, na damu yangu ya kila mwaka imo kwenye friza ya maabara pamoja na ya wengine mia nne.

Mwaka huu ile friza imeanza kuzungumza. Mashine mpya imefika ambayo inatafuta dalili za Alzheimer katika tone la damu, na tunaweza kupima damu ya leo na ya miaka ishirini iliyopita kwa wiki moja. Nilipelekwa kuiona kwa kiti cha magurudumu. Nilicheka peke yangu kama mtoto. Lakini Dkt. Nyathira hapendi kushangilia kabla ya wakati. Mashine ilitengenezwa kwa kupima watu wa mbali. Ili tujue kama inasema kweli kuhusu watu wetu, sharti majibu yake yalinganishwe na ubongo wenyewe, wa mtu aliyepimwa akiwa hai, akakubali utazamwe akishafariki. Hata mmoja tu ungefungua njia. Katika miaka yote hii hakuwahi kuupata.

Aliomba hadharani, kwa heshima. Katika mkutano mmoja Kapsoit, Mzee Kipkemoi alisimama akaegemea fimbo. "Daktari, damu tumekupa. Mkojo tumekupa. Sasa unataka kichwa. Mwaka ujao utataka nini?" Ukumbi mzima ulicheka, naye alicheka kuliko wote. Hakusukuma mtu. Na hakuwahi kumwomba mfanyakazi wake yeyote, kwa sababu, alisema, mtu hawezi kumkatalia bosi kwa uhuru.

Sasa niseme langu, kwa kuwa wengi wenu hamjui. Figo zangu zimechoka na daktari wangu ameniambia ukweli kuhusu muda uliobaki. Tena, mwaka huu nilipoeleza kukaanga samaki nilisahau mafuta. Niliona kalamu ya muuguzi ikisita. Nilienda kwa Dkt. Nyathira nikamwambia ubongo wangu ni wake. Alinirudisha nyumbani. Nilienda tena, akanirudisha tena. "Mzee Phelix, hilo neno sitalipokea kwako peke yako. Nataka la Mama Calvince na la watoto."

Nilimwogopa Calvince, kifungua mimba wangu, kuliko nilivyoogopa kifo. Kwetu mtu hurudi nyumbani akiwa mzima, azikwe pale baba yake alipo. Jumapili iliyopita niliwaita wote. Calvince aliweka kikombe chini. "Baba, tutakuzika ukiwa nusu? Watu wa nyumbani watasema tumeuza kichwa chako." Nilimweleza kwamba uso haubadiliki, jeneza litafunguliwa kama kawaida, na safari ya kwenda nyumbani haitachelewa. Hakunitazama.

Mke wangu Dorcus, Mama Calvince mwenyewe, ndiye aliyemjibu. "Kwani hicho kichwa ni chako, Calvince? Mimi ndiye nimeishi nacho. Tangu anioe kimekuwa maabara, hata akiwa kwa meza yangu kiko maabara. Wacha kiende kazini."

Calvince alikichukua tena kikombe chake. Kisha akasema atakuja yeye mwenyewe kuwaona madaktari, na kwamba siku yangu ikifika atasimama mlangoni mpaka wamalize, ndipo anipeleke nyumbani. Wadogo zake walikubali baada yake.

Daktari, unaposoma haya katika ukumbi wa kukuaga, jua kwamba neno ulilotaka liko mbele yako, la Mama Calvince na la watoto wote. Mkurugenzi naye amekubali ubaki mshauri wa kituo hadi swali lako lijibiwe, kwa hiyo usiseme umechelewa. Asante kwa wachumaji waliorudishiwa kazi zao, na kwa kutufundisha sisi wa maabara kuvaa buti. Tunakuombea afya, amani na miaka mingi ya raha kule Kipkelion. Jambo moja tu: usizime simu. Calvince ana namba yako.