Mwalimu Gaudensi na Maksai wa Mama Cornelia

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu waombolezaji, mimi ni Leonsi, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niyasome maisha ya kaka yetu.

Mwalimu Gaudensi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1938 hapa kijijini, karibu na Laela, akiwa mtoto wa tatu wa mzee wetu Clemens, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akahitimu ualimu mwaka 1958, na tangu Januari 1959 akafundisha hapahapa, watoto wakimpenda kwa kuwa aliweza kuigiza mnyama yeyote. Tarehe 7 Oktoba 1961 alifunga ndoa na Luciana, wakajaliwa watoto watano.

Vita vilipoanza mwishoni mwa 1978, Katibu Kata wetu, Ndugu Adolfu, aliyekuwa msimamizi wa ndoa yake, alimwomba achangamshe mikutano ya kuwachangia askari, naye akatunga mchezo wa Fisi aliyeingia Kagera kuomba chumvi akataka kuondoka na zizi zima, akauigiza amevaa gunia, akichechemea, watu wakacheka hadi machozi, kisha wakatoa mahindi, kuku na mbuzi. Mama Cornelia, mjane, alileta mmoja wa maksai wake wawili wa kulimia, yule mwenye sikio la kushoto lililochanika, na marehemu akampigia saluti maksai yule, akamwita Sajini, akautangazia mkutano, "Fisi akiziona pembe hizi, atarudi kwao kinyumenyume." Mama Cornelia alicheka, akamkabidhi Ndugu Adolfu kamba, na msimu ule akalima kwa jembe la mkono.

Desemba 1979, vita vimekwisha, marehemu alipita shambani kwa Ndugu Adolfu akamkuta Sajini, sikio la kushoto limechanika vilevile, anavuta plau. Alimwuliza rafiki yake imekuwaje, akajibiwa, "Kazi yako ilikuwa kuchekesha watu, Mwalimu, na uliifanya vizuri." Akayasema hayo kwenye mkutano wa kijiji, lakini Ndugu Adolfu akadai kwamba yule Fisi tangu mwanzo alikuwa wa kuwakejeli viongozi, na watu walewale waliocheka wakainamisha vichwa, wengine wakanong'ona kwamba Mwalimu naye hakukosa fungu lake. Februari 1980 alihamishiwa Kipili, akafundisha huko miaka mitatu, na hakuigiza tena mnyama yeyote, hata wanawe walipombembeleza.

Mwaka 1983 aliugua ini, akarudishwa nyumbani, na Mama Cornelia, ambaye tangu mkutano ule wa kijiji hakuwa akiitikia salamu yake, alikuja akaketi kando ya kitanda, kaka akamwambia, "Mama, mimi niliamini Sajini anakwenda vitani kweli," naye akamjibu kwamba anajua, akamlisha uji. Kaka alifariki hospitalini Sumbawanga tarehe 3 Mei 1984.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake waliotoka Kipili, majirani waliochimba kaburi, na Mama Cornelia.

Ndugu Adolfu, tumeambiwa umeandaa salamu za kumsifu marehemu kwa mchezo wake wa Fisi. Familia inakuomba uzirudishe mfukoni.

Lala kwa amani, kaka.