Sufuria ya Mtu Mmoja

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusindikiza, familia imeniomba mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, nami nitayasoma kwa mpangilio, tangu mwanzo hadi juzi, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda jambo lirukwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi seremala na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alianza shule ya msingi Januari 1956, akaimaliza Novemba 1963 akiwa wa tatu katika hesabu, kisha akasoma sekondari kwa miaka miwili, hadi baba yetu alipoanguka kutoka juu ya paa na kuvunjika nyonga, naye akaacha masomo, akajifunza kazi ya ukarani kwa miezi tisa, ili wadogo zake tuendelee kusoma.

Tarehe 3 Aprili 1967 aliajiriwa katika ghala la baridi lililohifadhi nyama ya mji mzima, akiwa karani wa mizani, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na sita, ameketi juu ya kigoda kirefu, amevaa koti zito hata mwezi wa joto, akiandika uzito wa kila kipande kilichopita mbele yake. Humo ndimo alimokutana na muuza nyama mmoja, kijana aliyeubishia mzani wake kila asubuhi kwa miezi minane, na mwezi wa tisa akaja nyumbani kuposa. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1971, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1973, ambaye leo ni fundi umeme, na wa kike mwaka 1976, ambaye ni muuguzi.

Tarehe 2 Juni 1979 marehemu alirudi kutoka kazini, akavua koti, akaosha mikono, akamwambia mumewe, "Mimi nyama nimemaliza," na tangu siku hiyo hakuila tena, wala samaki, na miaka miwili baadaye akaacha na mayai na maziwa. Wengi walimuuliza sababu, akajibu kwamba alikuwa amepima za kutosha. Hakumhubiria mtu yeyote. Shemeji yetu aliendelea kuuza nyama na kula yake dukani mchana, lakini jioni alikula kilichokuwa sufuriani kama watoto, nao mtaa mzima ukampa mkewe jina la Bi Dengu. Mshona viatu wa jirani ndiye aliyewatania kuliko wote, "Jamani, mke wa muuza nyama anapika dengu, kesho mke wa mshona viatu atatembea peku!" na shemeji alikuwa akimjibu, "Nyama nauza, dengu nakula, wewe unanunua kipi?"

Upishi wake ulikuwa rahisi. Kila mlo ulikuwa na kitu cha kushibisha, kitu cha kutia nguvu na kitu cha kijani, yaani wali au viazi, dengu au maharage au kunde, na mboga za majani, pamoja na kitunguu, nyanya, chumvi na karanga zilizosagwa kwa siku za kujidekeza. Alistaafu tarehe 31 Machi 2003, na kwa miaka kumi na mitatu iliyofuata walikuwa wakipika na kula wawili, na watano au sita wajukuu walipokuja, katika sufuria ileile kubwa yenye mshikio mmoja uliolegea.

Shemeji alifariki tarehe 19 Agosti 2016. Waombolezaji walipoondoka, marehemu aliacha kupika. Hatukugundua mapema, maana katika simu alisema amekula, na kweli alikuwa amekula, mkate na chai ya rangi, asubuhi na jioni, hadi nguo zikaanza kumpwaya.

Tarehe 6 Novemba mwaka huo tulikutana sebuleni kwake, yeye, watoto wake wawili na mimi. Binti alisema wazi kwamba mama hawezi kuachwa akae peke yake namna hiyo, bora ahamie kwa kaka, safari ya saa tatu kwa basi, na nyumba ipangishwe. "Mama, umekonda, mimi kazi yangu ni kuangalia watu, usinifiche," alimwambia. Marehemu aliangalia upande wa jikoni, akasema, "Nimpikie nani? Nikishika sufuria naona kama inaniuliza wengine wako wapi." Kisha akasema kwamba kwa kijana wake anapendwa, na mkwewe ni mtu mwema, lakini jiko la kule lina mwenyewe, na yeye hakuzoea kuketi akisubiri kuitwa mezani. Aliomba mwezi mmoja. "Mwezi mmoja, mama," kijana alikubali, "na tutakuja bila taarifa."

Siku iliyofuata alipika dengu. Mikono yake ilijua kipimo kimoja tu, cha sufuria kubwa, hivyo akapika za watu watano, akazila siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, siku ya nne zikachacha, akazimwaga, akarudi kwenye mkate, akanipigia simu na kusema, "Mdogo wangu, waambie waje wanichukue."

Mimi nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na minne, na sijui njia nyingine ya kumsaidia mtu aliyekata tamaa ila kumpunguzia kazi hadi aone aibu kuikataa. Nilimpelekea sufuria ndogo ya vikombe viwili, na daftari la mahudhurio lililobaki shuleni, nikamwambia kwamba ataita majina kila siku, mwanafunzi akiwa ni yeye mwenyewe, na kuhudhuria maana yake ni kumenya kitunguu kimoja. Akimaliza kumenya, akitaka kwenda kulala, aende. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaniuliza, "Na nikichelewa nitapigwa?"

Siku nyingi alimenya, akaona kitunguu kiko uchi mbele yake, akaona ni vibaya kukiacha hivyo, akakikata, na akishakikata mafuta huwa yako karibu. Siku nyingine moyo uligoma. Kijana alimtembelea mchana mmoja bila taarifa, akakuta jiko halijawashwa na mama amejilaza, akaondoka na kutupasha habari, na sote tuliamini kwamba mambo yamekwisha.

Mwezi tuliuhesabu upya tangu siku ya daftari, na ulipotimia tuliketi tena sebuleni, tukalifungua. Alikuwa amehudhuria siku ishirini na moja, na siku tisa ameandika sifuri, ikiwemo ile ya kijana. Binti alimuuliza, "Mama, kwa nini hukuzijaza tu? Nani angejua?" naye akajibu, "Ningejua mimi, na mimi ndiye ninayekaa humu." Binti aliinama, akahesabu upya, akakuta sifuri sita ziko katika siku kumi za mwanzo, mbili katika kumi za katikati, na moja katika kumi za mwisho. Walinigeukia mimi, nikawaambia kwamba mtoto anayekwenda hivi harudishwi darasa. Kijana alisema, "Basi, mama mdogo, apandishwe," na habari ya kuhama ikaishia hapo.

Alikaa katika nyumba yake miaka mingine saba na zaidi. Dereva mstaafu wa nyumba ya tatu, mjane kama yeye, ambaye kwa miaka miwili hakuwa amewasha jiko, alisikia habari hizi, akaja Jumamosi moja na sufuria yake ndogo chini ya kwapa, kisha wakaja wengine wanne, na marehemu aliwafundisha bila maneno mengi, akiwaambia wasingoje hamu, waanze na kisu. Dereva aliwahi kuunguza maharage mara tatu mfululizo, na marehemu alimwambia tu, "Shemeji, hayo umeyaonea, menya kingine."

Mwezi Januari 2023 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo, miguu ikaanza kuvimba, akawa anapika ameketi. Kufikia mwanzoni mwa Aprili mwaka huu wa 2024 hakuweza tena kusimama, na daktari alisema wazi kwamba kilichobaki ni kumtunza asiumie. Wapo waliopendekeza apelekwe kwa kijana, lakini binti, ambaye zamani ndiye aliyetaka kumhamisha, alichukua likizo, akaja na begi lake, akasema, "Mama hahami." Alimwogesha, akampikia, akamlisha kwa kijiko. Marehemu alifariki tarehe 8 Mei, saa nne kasoro robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, katika chumba kinachopakana na jiko. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na sisi wadogo zake watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa zahanati, waliokuja nyumbani kila walipoitwa. Tunawashukuru majirani, hasa wanafunzi wake wa Jumamosi, ambao tangu jana ndio wanaowapikia waombolezaji hawa wote, na wafanyakazi wenzake wa ghala la baridi, wazee sasa, waliofunga safari kuja. Tunamshukuru pia karani wa ofisi ya vizazi na vifo, aliyemwambia binti kwamba kwenye nafasi ya mahali pa kifo inatosha kuandika nyumbani, na binti alipomjibu, "Naomba uandike nyumbani kwake," akakata alichoandika na kuandika upya, bila kuuliza kwa nini.

Dada yangu, pumzika kwa amani.